Siku Nilipozamisha Jina la Otilia

Siku ile ya kuniaga mlinipa vitenge na saa ya ukutani, mkala pilau, halafu mkaniomba niwaandikie habari za kazi yangu. Sijui mlitegemea nini. Mambo ya vyeo na mishahara yapo kwenye mafaili, na wale walionipandisha na walionichelewesha nimewasamehe wote, isipokuwa mmoja, naye anajijua. Mimi nitaandika habari za kunguni, maana hao ndio niliokaa nao kuliko hata marehemu mume wangu.

Nilipopanda Mbinga kutoka Mbamba Bay, kule ziwani, kuanza kazi, nilitafuta chumba cha kupanga karibu na kituo cha utafiti wa kahawa. Mama mwenye nyumba akaniuliza ninafanya nini pale kwenye kahawa. Nikamjibu kwa kujivuna kwamba mimi nimeajiriwa kwa ajili ya kunguni. Alinitazama begi langu, akasema chumba kimeshapata mtu. Watu husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yule mama hakutaka hata kitanda changu kivuke kizingiti chake. Nikajifunza siku hiyo hiyo kwamba nikiulizwa, niseme ninafanya kazi ya wadudu wa mashambani.

Kwa wale wa ofisi nyingine watakaosoma, wangu si wa kitandani. Hawa huishi kwenye mimea, na mdomo wao ni mrija wanaouchoma kwenye tunda au jani wakafyonza. Tuliwagawa makundi mawili. Kunguni ngao ana kipande kigumu cha pembetatu mgongoni, kinaishia katikati, na mbawa zinaonekana nyuma yake. Kunguni vito yeye ngao yake imeongezeka ikafunika mgongo wote mpaka mkiani, inang'aa kijani au buluu, na mtu asiyejua atakuapia kwamba ni mbawakawa. Mgeuze, utafute ule mrija uliolazwa kifuani. Ukiuona, usibishane na mtu.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Ndunguru, Mmatengo wa Litembo, mtunza chumba cha vielelezo. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimevaa gauni la kanisani, akanishika mkono hadi kwenye mibuni nyuma ya ofisi, akaniambia nimkamate kunguni mmoja kwa vidole. Nikamkamata. Harufu aliyoniachia niliiosha kwa sabuni ya mche, nikaiosha kwa limau, na usiku bado nilikula ugali kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mama yangu angenichapa. Kesho yake mzee aliniuliza kama nimeshaijua familia. Nikamwambia naijua, na sitaisahau.

Kisha akanipa pini. Nikamchoma mdudu katikati ya ngao, sawasawa kabisa, nikaona nimefanya kazi safi. Mzee akamtoa, akanipa mwingine, akanionyesha kwamba pini hupita upande wa kulia wa ngao, kamwe si katikati. Alisema upande wa kulia ni wetu wa kuharibu, na upande wa kushoto ni wa yule atakayekuja baadaye kukagua kama tulisema kweli. Mpaka leo nikiona pini imepita katikati najua aliyeichoma alijifundisha mwenyewe.

Zana zetu zilikuwa chache: kibano, lenzi ya mkononi, darubini iliyokuwa ikipoteza skrubu, chupa ya spiriti, na mwavuli. Mwavuli ndio uliowachekesha watu. Unaufungua, unaugeuza chini juu chini ya tawi, unapiga tawi kwa fimbo, wadudu wanaanguka ndani. Mwavuli mweusi haufai, kwa sababu kunguni mweusi akiangukia humo humwoni tena. Mke wa Mzee Ndunguru, Mama Otilia, alikuwa fundi cherehani, akatushonea kitambaa cheupe kwa ndani. Alikuwa mama wa maneno machache na mkono mwepesi, na kila nikipita Litembo aliniwekea maharage sahani ijae, akisema watu wa ziwani wamezoea samaki na hawajui kushiba.

Otilia alikuwa binti yao wa pekee. Shule ikifungwa alikuja nasi shambani kushika mwavuli. Aliniita dada wa ziwani, na alinicheka nilipokuwa nikiteleza kwenye ngolo, yale mashimo ya Wamatengo ambayo wenyeji huyapita wakiwa na ndoo kichwani, nami nilikuwa nayapita kwa makalio. Alikuwa na jicho. Baba yake akisema tawi limeisha, yeye alisema bado mmoja, na kweli tukipiga tena alianguka. Nilimpenda mtoto yule. Msimu mmoja wa mvua akashikwa na homa, na kabla kahawa haijaanza kuiva tulikuwa tumeshamzika, nyuma ya nyumba yao, kwenye kiwanja cha ukoo.

Kazi haikusimama. Niwape kisa kimoja cha kufundishia. Mkulima mmoja wa Mbuji alitujia na kopo limejaa kunguni ngao wa kahawia, mabega yao yana miiba. Alikuwa ameshakopa pampu na dawa kwa jirani, anataka tumwambie tu kipimo. Mzee akamgeuza mmoja, akanipa lenzi. Mrija ulikuwa mnene. Kunguni anayefyonza mmea mrija wake ni mwembamba kama uzi. Mwenye mrija mnene anachoma nyama. Hao walikuwa wawindaji wa viwavi, walinzi wa bure wa shamba la yule bwana, naye alikuwa amewakusanya mmoja mmoja akawapondaponda. Tulimwambia. Akauliza kama tunaweza kumrudishia wale waliobaki wazima kwenye kopo. Tukamrudishia, akaondoka amelikumbatia.

Sasa nije kwenye lile jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia nusunusu.

Makaburi mengi ya kule huzungushiwa ua wa miti ya mbono kaburi, na kaburi la Otilia pia. Mwaka uliofuata baada ya mazishi, Mzee Ndunguru akiwa amekaa pale alimwona kunguni vito kwenye shina la mbono. Wa namna yake tulikuwa tunawajua kutoka ziwani: kijani kinachong'aa, madoa meusi, tumbo la rangi ya chungwa. Huyu alikuwa mweusi wa buluu karibu mwili mzima, madoa hayaonekani mpaka umgeuzegeuze juani. Mzee alimtafuta kwenye vitabu, akawaandikia wataalamu wa mbali, akawapelekea vielelezo. Wote wakamjibu kwamba hawajawahi kumwona. Basi akaandika maelezo yake, mguu kwa mguu na pingili kwa pingili, jarida likayachapa, na mdudu akapata jina. Majina yetu ya kitaalamu yana sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ukoo. Ya pili aliichagua mzee, na maana yake ni wa Otilia.

Sikumwona akilia kwenye mazishi. Nilimwona siku jarida lilipofika.

Mkewe hakujua Kilatini, lakini jina la mwanawe alilijua hata likivikwa mkia. Mwezi wa Marehemu, yaani Novemba, watu wanapopalilia makaburi, alikuwa anasimama pale na jembe kuhakikisha hakuna anayegusa ule mbono. Watoto wa jirani walikua wakijua kwamba wale hawapigwi mawe, ni wadudu wa Otilia. Mama mwenyewe aliwasemesha. Nilimsikia mara moja nilipotokea nyuma ya nyumba bila kubisha hodi. Aliwaambia mvua imechelewa mwaka huu. Nikarudi nyuma taratibu, nikabisha hodi kwa sauti.

Mzee Ndunguru akastaafu, nikakabidhiwa funguo za makabati. Miaka ikapita. Ndipo nilipoanza kuandaa kile kitabu cha utambuzi ambacho maofisa ugani mnakipeperusha kwenye pikipiki zenu, nikalazimika kupanga kunguni wote wa wilaya zetu mbili, kuanzia milimani hadi ufukweni. Kazi ya kitabu cha namna hiyo ni kuuliza maswali ya ndiyo au hapana. Je, ni kijani? Nenda ukurasa huu. Je, ni mweusi? Nenda ule. Nilipofika kwa wa Otilia na yule wa ziwani, swali langu lilikuwa rangi. Nikajaribu kupata swali jingine la kuongezea, sikulipata.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni wale wa katikati. Njia ya kushuka kutoka Mbinga kwenda ziwani nimeipita maisha yangu yote, na kila gari lilipoharibika nilikuwa nateremka na mwavuli wangu. Wadudu wa pale mteremkoni hawakuwa weusi wala hawakuwa kijani. Kadiri nilivyokusanya chini zaidi ndivyo weusi ulivyopungua. Nikakaa kwenye darubini nikalinganisha viungo vya uzazi vya madume, maana hapo ndipo aina moja hujitenga na nyingine hata kama sura zinafanana. Mama mkwe wangu aliwahi kuniuliza siku nzima huwa ninatazama nini kwenye ile mashine. Nilimwambia macho ya wadudu. Basi nilitazama macho hayo mpaka shingo ikakaza, na hayakuwa na tofauti yoyote.

Nilibaki na njia moja, kuwalea. Kunguni huyu hutaga mayai yakizunguka kijiti, mviringo juu ya mviringo, kama shanga zilizofungwa kwenye fimbo. Nilihitaji kijiti kimoja, cha mama mmoja, na nilikihitaji kutoka pale pale lilipotoka jina. Nikaenda Litembo. Mzee hakuwepo, alikuwa kwenye mkutano wa ushirika. Nikamwomba Mama Otilia, nikamweleza kwamba nataka kuwalea nione wanakuwaje mahali pa joto. Alikitafuta mwenyewe kijiti chenye mayai, akakikata kwa mkasi wake wa kushonea, akakifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Alifurahi kwamba nawajali.

Nilikigawanya kijiti. Nusu ilibaki Mbinga, dirishani kwangu, kipindi kile cha baridi ambacho mtu analala na soksi. Nusu nyingine nilishuka nayo Mbamba Bay kwa dada yangu, ambaye alipewa maagizo ya kuwawekea matunda ya mbono na kutowapulizia dawa ya mbu. Wakaanguliwa, wakajivua ngozi mara kwa mara kama desturi yao, wakapata ngao. Wa Mbinga wakatoka weusi kama mama yao. Wa Mbamba Bay wakatoka kijani kinachong'aa, madoa meusi, tumbo la chungwa. Nikarudia kwa mayai ya ziwani, nikayapandisha mlimani. Wakatoka weusi.

Ilikuwa baridi tu. Mdudu ni mmoja, na baridi ya milimani ndiyo inayomtia weusi ili apate kulishika joto la jua. Na kama mdudu ni mmoja, basi jina ni moja, na sheria yetu haina huruma: lililotangulia ndilo linalosimama. Yule wa ziwani alishapewa jina zamani sana, na watu ambao hawakuwahi kuonana na mzee wangu. Jina lililokuja baadaye linashushwa chini ya lile la kwanza. Kazini tunasema jina limezamishwa.

Nilikaa na jambo hili moyoni nikashindwa hata kula vizuri. Kijana mmoja wa ofisini, simtaji kwa kuwa bado ana watoto wa kusomesha, aliniambia niache. Nani atajua, Mama? Mzee ameshazeeka, kitabu ni cha maofisa ugani, andika rangi mbili na kurasa mbili, maisha yaendelee. Nilimfokea nikamwambia yeye ni wa kuchoma pini katikati. Lakini nilimfokea kwa sababu hata mimi nilishaliwaza hilo. Niliwaza nimwache mtoto yule na jina lake mpaka wazazi wake wafe, halafu aje mwingine alizamishe. Ila huyo mwingine angekuja na kuanza upya, na nusu ya maisha yake angeitumia kutafuta tofauti ambayo mimi najua haipo. Na kwetu kuna desturi: aliyelitoa jina akiwa hai, unamfuata kwake kabla hujaandika. Humwachi asome jaridani.

Nikapanda Litembo na mfuko wa usipa mkavu, vile vidagaa vya ziwani, na makopo mawili ya kunguni wazima. Bodaboda alinishusha pale njiani, nikapanda kwa miguu. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia, tukaulizana habari za huku na za kule, kahawa, mvua, magoti. Tukala. Watu wa Litembo hulima kahawa mwaka mzima na kunywa chai, nami nilikunywa vikombe vitatu ili nisianze kusema.

Mwishowe niliyaweka yale makopo mezani, nikamwambia mzee wote wametoka kwenye kijiti kimoja. Sikusema zaidi. Macho yake yalikuwa na ukungu wakati huo, akaleta lenzi yake ya zamani, akayasogeza makopo dirishani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuniuliza maswali, na hayakuwa maswali ya baba wa Otilia. Kijiti kilikatwa wapi. Nani alilea. Kama chandarua cha kuwafunika kilikuwa na tundu, kama kuna jike wa nje aliyeweza kuingia akataga. Kama nilijaribu upande wa pili, kutoka ziwani kwenda mlimani. Madume nimewapasua wangapi. Alinibana kuliko mkaguzi yeyote wa jarida, nami nilimjibu kila swali huku nikiomba moyoni alipate lile nisiloweza kulijibu.

Hakulipata. Akaweka lenzi chini.

"Ulifanya vizuri kuja mwenyewe," alisema.

Mama Otilia alikuwa mlangoni na sinia. Aliuliza tunazungumza nini ambacho kimetufanya tununiane. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, maneno laini, yote yakanikimbia. Mzee ndiye aliyemwambia. Alimwambia kwamba wadudu wa kaburini na wadudu wa ziwani wameonekana kuwa ni wamoja, na kwa sababu hiyo jina la mtoto halitasimama tena vitabuni, litasimama la wale wa ziwani.

"Wamemfuta?" akauliza.

"Hafutwi. Anaandikwa chini ya lile jingine. Na hakuna mdudu mwingine wa ukoo ule atakayepewa jina hilo," mzee akamjibu.

"Chini."

"Chini, Mama."

Akalishusha sinia. Alinigeukia mimi, si mumewe. "Yale mayai nilikupa kwa mikono yangu," alisema. Hakupandisha sauti. Akatoka nje, nikasikia mlango wa jikoni ukifungwa.

Nimewahi kupewa barua za onyo, nimewahi kutukanwa na wakulima, nimewahi kuanguka na pikipiki mtoni. Hakuna kilichoniuma kama lile neno, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alinipa kwa mikono miwili na mimi nikaenda kuyafanya ushahidi. Nikamwambia mzee kwamba naweza kuacha. Nilimaanisha. Nilimwambia makopo nitayamwaga kwenye mbono nikiondoka, na hakuna mtu anayenidai maelezo.

Aliyazungusha yale makopo. Kisha akasema alimpa mdudu jina la binti yake kwa sababu alitaka kitu chake kimoja kibaki ambacho ni kweli. Sasa kama si kweli, alisema, nitakuwa nimemwekea nini yule mtoto? Akaniambia niandike, na akaniambia tuandike wote wawili, jina lake litangulie, kwani aliyelipandisha jina la mtoto ndiye anayepaswa kulishusha. Hapo nilishindwa kujizuia. Nililia mbele yake, mtu mzima, mwenye wajukuu, na yeye akanipa leso iliyonuka vidonge vya nondo.

Nilipoondoka, Mama Otilia hakunisindikiza. Kwa miaka yote niliyofika pale alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea hata mfuko. Siku ile nilishuka peke yangu, na usipa wangu nikauacha umening'inia msumarini pale pale nilipouweka.

Tuliandika. Mzee alinisomea kwa simu marekebisho yake, na sentensi ya kuzamisha jina aliitunga mwenyewe, fupi, bila kujitetea. Jarida likachapa. Nilimpelekea nakala kwa mkono wa kijana wa bodaboda kwa vile sikuwa na uso wa kwenda.

Lakini Novemba ilipofika nikaenda. Mimi ni Mwanglikana, na kaburi si la ukoo wangu, lakini nilimzika yule mtoto pamoja nao, na Mwezi wa Marehemu ukifika nisipoonekana nitakuwa nimemzamisha kweli. Mzee alikuwa ndani, miguu imevimba. Mama Otilia alikuwa kaburini anapalilia, ameinama, hakuinuka nilipomwamkia. Aliitikia marahaba bila kunitazama. Mbono ulikuwa umesimama vile vile, hakuna tawi lililokatwa, na wadudu walikuwa wamejaa kwenye vikonyo, weusi, wanang'aa kidogo pale jua lilipowafikia. Nilisimama kando. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kwenye kaburi la jirani kulikuwa na mwanamke kijana, ameolewa pale mwaka ule ule akitokea Mbuji. Alikuja kuomba panga, akawaona wale wadudu, akarudi nyuma hatua moja. Akamuuliza Mama Otilia hao ni wadudu gani, na kama wanauma, ili awapukute kabla hawajahamia kwake.

Mama Otilia aliacha kupalilia. Akainuka taratibu, akaushika mgongo, na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama usoni.

"Muulize huyu," alimwambia yule binti. "Ndiye mtaalamu wao. Yeye ndiye anayejua wanaitwaje."

Yule binti akanigeukia akisubiri. Jina lililokuwa juu vitabuni nililijua. Nililiandika mimi kwenye kitabu changu, lina maana ya madoa, na hakuna mtu Litembo anayeweza kulitamka. Sheria yetu inahukumu majina ya vitabuni tu. Jina ambalo watu wa mahali wanamwitia mdudu halitafutiwi nani alitangulia, na halizamishwi na jarida. Sisi wenyewe huwa tunakwenda kwa wenyeji, tunauliza, tunaandika wanavyosema. Na mimi pale nilikuwa naulizwa mbele ya mwenyeji mwenyewe.

"Hapa kwetu huitwa otilia," nikamwambia. "Hawaumi. Usiwapukute."

Yule binti akalirudia jina mara moja, akachukua panga aliloomba, akaenda zake. Nikasikia akimpasha mtu wa upande wa pili kwamba wale ni otilia, wasiguswe.

Mama Otilia aliinama tena, akapalilia kidogo, kisha akauvuta ule mfuko wake wa kushonea uliokuwa chini ya mbono, akatoa kijembe cha pili. Alikuwa amekuja nacho toka nyumbani. Akanisogezea, akaniambia nianzie upande wa kichwani, kule magugu yamemzidi.